Bi Deni

Jina lake liliandikwa Mirabel Dane,
lakini ulimi wa Mwanza haulipi ushuru kwa Kizungu.
Tukamwita Bi Deni.

Baba yangu, Luhende, aliendesha mashine
kwenye sinema ya Bwana Hirji, jirani na mto Mirongo:
chumba cha juu, joto la tanuri,
kidirisha kisichozidi upana wa daftari.
Nilikuwa na miaka saba. Kazi yangu
kuurudisha mkanda nyuma kwa mkono
mpaka mwisho uwe mwanzo.

Filamu zilitufikia zimechoka.
Nairobi kwanza, Kisumu, kisha meli,
makopo yamelala juu ya magunia ya sukari,
na hakuna aliyeuliza ipi ilitangulia ipi.
Ndiyo maana kwetu Bi Deni alianzia uzeeni.
Mwaka wa hamsini na nane alishuka gatini
akiwa mama wa bwana harusi,
skafu shingoni, akiukwepa mwanga
kama mtu aliyemwona mdai wake ng'ambo ya barabara.
Dakika tisa. Watu walikuwa wanamenya karanga.

Mwaka uliofuata akaja mjane.
Halafu mke. Halafu mchumba
wa gauni ambalo baba aliapa ni jekundu,
ingawa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe.
Kila meli ikimpunguzia miaka!
Mafundi cherehani walilipia viti vya mbele
wapate kuhesabu marinda.
Msimu wa pamba, wakulima wa Magu na Kwimba
waliingia na fedha mbichi mfukoni,
wakampigia miluzi hadi bati likaitika.
Ngudu kuna Mirabeli watatu. Wote sasa wana wajukuu.

Busu lake hatukuliona kamwe;
mkasi wa serikali ulitangulia.
Aliinua uso, akafumba macho,
mara yuko mlangoni anavaa glavu.
Na mkanda ulipokatika, baba aliunga kwa gundi,
kila kiungo kikala picha mbili, tatu,
hivyo hata tabasamu lake
Mwanza lilikuwa fupi kuliko kwingine.

Usiku mmoja wadudu wa ziwani
waliingia wingu zima ndani ya mwanga.
Uso wake ukachemka madoadoa.
"Bi Deni ana surua!" wakapiga kelele vijana wa Igogo.
Baba alicheka peke yake kule juu,
kisha akafuta lenzi kwa pindo la shati, taratibu,
kama anayemfuta mtu.

Sitini na sita. Gazeti la kufungia vitumbua
lilikuwa na sura yake, mafuta yameipenya.
Baba alisoma kidole chini ya kila neno:
amekutwa chumbani, hoteli ya kupanga kwa wiki,
miaka kumi bila kazi,
kodi ya miezi mitatu hajalipa.
Gazeti lenyewe la mwaka juzi.
Hakusema kitu. Alimaliza kitumbua chake.

Na wiki hiyohiyo, basi,
ikashuka filamu yake ya kwanza kabisa.
Msichana wa jikoni, mashavu ya mtoto,
anaingia na sinia, anasema, "Tayari, bwana,"
anatoka. Kwisha.
Ukumbi ukasimama. "Bi Deni! Usitoke! Kaa!"
Huko kwao siku ile hakuna aliyemjua,
hata aliyemwelekeza pa kuweka sinia.

Baba akazima taa. Akanitazama.
Nikageuza gurudumu.
Akaingia tena. "Tayari, bwana."
Nikageuza. Akaingia tena.
Mara ya tatu ngazi zikalia, Bwana Hirji anahema:
"Luhende! Umeme huu atalipa nani?"
"Dawa ya deni," baba akasema,
na hakugeuka kumtazama, "kulipa."

Juzi Kirumba nimepimiwa dagaa
kwa kopo bapa la bati, ukingo una kutu,
namba ya sehemu bado inasomeka: nne.
Nikamwambia muuzaji aongeze.
Akaongeza kidogo,
akasawazisha kwa kiganja.