Humo Atajiona

Ilifika ndani ya soksi, ndani ya sanduku la mtu,
ukubwa wa balungi lililonyauka,
nyeusi, na kijitaa cha buluu kisichojua kulala.
Twalibu kaituma kutoka Doha
ili mama asibanwe tena na simu sikioni.

Ijumaa, baada ya wali,
nikaiweka juu ya meza ya bati
ninapokatia vitambaa vya kofia.
"Assalamu alaykum, mama," ikasema,
na bati likaitikia kabla ya mama.
Mkasi ukatetema. Sindano zikatambaa
hadi ukingoni kama siafu.
Mama akashika kidevu:
"Huyu si mwanangu. Huyu ni mtu ndani ya debe."

Nikaihamishia kitandani. Godoro likammeza.
Kila neno likatoka limevaa sufi,
mikia ya maneno yote ikazama.
"Anaumwa?"
"Haumwi, mama. Ni godoro."
"Basi mbona kajifunika kichwa?"

Kidakani, hapo ndipo nilipojidai.
Vidaka vya nyumba hii vina kina cha mkono hadi kiwiko,
chokaa juu ya matumbawe;
vimepokea sahani za mabibi, vimepokea Msahafu,
na sauti navyo viliipokea kwa takrima ya kupindukia:
Twalibu, kijana wa kilo hamsini na tano,
akatoka na kifua cha khatibu wa Idi.
Akaomba radhi kwa kuchelewesha pesa
kwa sauti ya mtu anayezigawa.

Mama alicheka mpaka akatafuta ncha ya leso.
"Mtoe. Humo atajiona."

Sakafuni, pembe ya ukuta, akawa ngoma.
Juu ya kasha, bawaba zikamsengenya.
Juu ya friji, friji ikamkatiza.
Nilizunguka naye nyumba nzima
kama paka anayehamisha mtoto.

Esha, fundi wa simu wa Langoni, alikuja kurudisha bakuli.
Alisimama mlangoni, akanitazama, hakucheka.
"Unamtafutia kitu cha kumsaidia," akasema.
"Mtafutie kitu kisichosema."

Akaomba ndara kuukuu.
Akakata kisigino vipande vinne, kila kimoja kama kashata,
akavipanga juu ya jiwe la mama la kusugulia liwa,
zito, limelika katikati kwa miaka ya arusi za watu,
akaiketisha spika hapo juu,
mkono mzima mbali na ukuta.

Nikarudisha ujumbe ule ule.

Sindano hazikwenda popote.
Akaja Twalibu, wembamba wake wote,
na ile "s" inayopita kwenye pengo la jino
alilolivunja akiruka ngazi za nyumba hii hii.
Mama hakusema kitu. Alisogea.

Nyuma ya salamu nikasikia mlio, mwembamba,
ukifuata kila neno zito.
Nikagusa spika. Nikagusa jiwe: kimya.
Nikainua mguu mmoja wa mpira, nikaushusha.
"Wata," mama akasema. "Hiyo si yetu."
Akafumba mato.
"Yuko yuu. Kitanda cha chuma, cha kupandiana.
Ukutani hapana kitu, hata kanzu.
Tini sakafu tupu.
Na kuna mtu amelala, ndiyo maana anena polepole."

Miaka miwili alikuwa akitwambia
chumba ni kizuri.

Jumatatu Famau alikuwa anarudi huko.
Mama alimpelekea busati, limekunjwa, limefungwa kamba,
na mto mmoja wa sufi.
Famau akalalamika kuhusu uzito wa mizigo.
"Mwambie asipange maneno," mama akasema,
"atandike tu. Nitasikia."

Nami nikarudi kwenye kofia zangu.
Nilipoweka mkasi mezani
bati lilinguruma kidogo,
kwa mazoea.