Msumeno wa Reli

Ndahani, usinune.
Hela ya kikoba imekwisha yote
na nimerudi na msumeno mmoja, tena wa mtumba,
ilhali ulinituma mpya, mwekundu,
wenye boksi na picha ya mzungu anayecheka na miwani.
Weka kikombe chini. Nikusimulie.

Huo mwekundu niliushika kwanza,
dukani kwa Shabbir, Barabara ya Saba.
Mwepesi. Unang'aa kama suti ya kukodi.
Kijana wa kaunta akaniuliza kama mume wangu yuko nje.
Nikauweka juu ya reli yake, nikausukuma bila umeme:
ukayumba.
Kidogo tu, unene wa ukucha,
lakini ukucha hapa
ni mlango usiofunga kule,
futi nane mbele.

Hukumkuta baba yangu, wa gengi la reli, Gulwe.
Kila masika mto ulipoinyanyua njia
yeye alilala kifudifudi juu ya mataruma,
shavu kwenye chuma cha moto, jicho moja kalifumba,
akasema: Hapa pana tumbo.
Nami nikalala vivyo hivyo, sakafuni kwa Shabbir.
Wateja walinicheka, kanga ikashika vumbi.
Reli nyekundu ilikuwa na tumbo la miezi mitatu.

Nikaenda Majengo, kwa Lukoo,
kati ya majokofu na baiskeli za watoto.
Huu hapa ulikuwa chini ya kreti la pasi.
Rangi imetoka. Plagi si ya kwetu.
Bomba la vumbi lina ufa, nitalifunga kwa mpira wa tairi;
vumbi la Dodoma halikusubiri msumeno.
Lakini reli yake niliitazama kwa jicho la baba
mpaka mwisho, na mwisho ukanitazama.

Nilibeba kipande cha marini kwenye kikapu,
kile chenye formaika nyeupe.
Umeme ulikuwepo.
Nikabonyeza, nikaushusha:
ukaingia katikati ya ubao
bila kuanzia ukingoni, bila kubisha hodi.
Tundu la sinki, Ndahani! Lile tunalotoboa kwa drili
kisha tunalitafuna kwa tupa mpaka adhuhuri.
Formaika haikumeguka hata punje.

Na kuna mkanda wa mpira ukingoni mwa reli.
Siku ya kwanza msumeno wenyewe huukata,
na tangu hapo mkanda hausemi uongo:
nilipoishia ndipo jino litakapopita.
Huu ulikatwa zamani, na mtu nisiyemjua,
pengine akiwa na baridi vidoleni.
Nikaulaza juu ya mstari wangu wa penseli.
Jino likapita palepale.
Tukaelewana, mimi na mtu yule.

Kaboni zimebaki nusu. Meno yanataka kunolewa.
Lukoo hana waranti, ana namba ya simu tu,
na leo asubuhi haipatikani.
Najua.
Makabati thelathini na mawili ya kule Mtumba
tutayakata kwa msumeno wa mtumba:
cheka basi, mimi nilicheka kwenye bajaji
mpaka dereva akapunguza mwendo.

Kuna jambo moja sikulisema sokoni.
Ile meza ya msumeno tuliyoachiwa na mjomba wako,
iliyokula kidole chako cha shahada
ukawa unaonyesha njia kwa kidevu,
sikuitaja.
Ila nilipoachia mpini
jino lilirudi lenyewe ndani ya ala yake
kabla sijahesabu moja.
Nikabonyeza tena, nikaachia.
Tena.
Mara ya nne Lukoo akasema, mama, injini ni nzima.
Nikasema, naona.

Haya, kunywa chai, imepoa.
Kesho chukua ubao mbaya, ule wa mkongo uliopinda,
ujaribu mwenyewe.
Kwa mkono wowote.