Kinga

Sanduku lilinitangulia siku mbili.
Nililikuta barazani kwa Mama Nsimire, huku Nguba,
limelala ubavu, kuku ametaga juu yake.
"Kinga yako ilifika," akaniambia.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
mtu wa Tanga natafuta ngao,
sijui kwamba Bukavu kinga ni baiskeli.
Kwetu kinga ni chandarua, ni chanjo,
ni dua aliyonifungia mama kwenye pindo la kanga
basi likiwa limeshawashwa.

Nilidhani lugha ni moja, nimekuja nyumbani kwa mlango wa nyuma.
Kumbe hata maji hapa yana jina la utani.
"Mayi iko baridi," ananionya Cirhuza, mjukuu,
miaka tisa, kocha wangu wa kujitolea,
ameketi kwenye gati anahesabu mikono yangu
kwa Kifaransa chenye mapengo kama meno yake.
Bahari ya kwetu humbeba mtu kama shangazi.
Ziwa hili halina chumvi, halina undugu,
kila pumzi linanidai taslimu.
Mita mia nne, nikashika jiwe,
nikakohoa mpaka bata wakahama.

Jumatano ni vilima.
Kutoka Nyawera kwenda Kadutu
barabara haipandi, inasimama wima ikakutazama.
Gia ya tatu ilikatika mbele ya wauza makaa
nao wakapiga makofi, sijui ya pole au ya furaha.
Fundi Mugaruka akachonga kipande kutoka pikipiki iliyokufa,
akapuliza, akakipachika, akasema kitanizika mimi kwanza.
Dola yangu aliinyoosha juani,
akaona tundu, dogo kama jicho la sindano,
akanirudishia.
Ya pili, imechanika pembe. Akanirudishia.
Ya tatu akaipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Usiku silali vizuri.
Mvua inapiga bati, radi inatembea ng'ambo ya Ruzizi,
baiskeli imeegemea ukuta karibu na kichwa changu
nami nanyoosha mkono gizani naigusa tairi,
mara mbili, mara tatu, kama mgonjwa wa homa.
Nimebeba nini kuja huku? Suti ya mpira ya kuazima,
miwani, viatu, karatasi ya daktari,
na miaka thelathini na nane ambayo sikuitangaza kwenye fomu kwa sauti.

Alhamisi tulichagua sambaza pamoja, mimi na yeye,
ungo katikati.
"Sasa wewe unakimbiaka nini? Nani anakufwata?"
Nikamweleza: kwanza kuogelea, halafu baiskeli, halafu mbio,
yote siku moja, bila kupumzika.
Vidole vyake havikusimama.
"Mwaka ule," akasema, "tulifanyaka yote tatu siku moya.
Mayi kwanza. Kisha mulima.
Kinga tulikuwa nayo moya tu, ilibebaka mama mukwe.
Hakuna mwenye alituhesabia dakika."
Akatupa kichwa cha samaki kwa paka.
Sikujua pa kuweka mikono.
Nikaendelea kuchagua, wakubwa huku, wadogo kule,
mpaka ungo ukabaki na magamba tu, yanameta.

Hakurudia habari ile, nami sikuuliza.
Ijumaa aliniongezea bugali mara mbili,
akasema miguu yangu ni ya korongo, nitamwaibisha mtaani.

Leo alfajiri, mbalamwezi bado iko juu ya maji.
Namba yangu, arobaini na moja, imeandikwa begani kwa wino mweusi.
Napita sebuleni kwa vidole, kinga yangu mkononi,
ndiyo, naiita hivyo sasa,
naona ukutani msumari mtupu.
Saa haipo.

Yuko nje tayari, ameketi kwenye ngazi,
kitenge kichwani, chupa ya chai miguuni,
na ile saa ya ukuta mapajani, kubwa kama sahani,
anaifuta kioo kwa ncha ya kitenge.
"Betri niliweka mupya jana," anasema.
"Twende. Watatuachaka."