Nakala ya Tatu

Mwaka wa sabini na mbili, nguo zangu bado zanuka Unguja,
walinipa kazi kwa sababu vidole vyangu viliijua taipureta.
Nchi ilikuwa changa, hata mihuri yake haijasagika ncha.
Tukatoka Buraimi kwa Landrova mbili,
mimi na mashine mapajani kama mtoto mwenye homa,
na mpima ardhi, Bwana Muhanna, na sanduku la saa za mkononi
kwa watakaokubali.

Hatukufyatua hata risasi moja. Hilo naomba liandikwe.
Tuliuliza tu: "Zaka yako humpelekea nani?"
Mmoja akataja jina, tukaandika jina,
nchi ikanenepa kwa upana wa malisho yake.
Mwingine akataja majina mawili, akavishwa saa,
akabaki na moja.
Wa tatu akasema humpelekea jirani mwenye njaa.
Fomu haikuwa na safu ya jibu hilo.

Mpaka.
Nyuma ya gari nilicheka peke yangu na lugha ya mama.
Kwetu neno hili ni ukingo, na ni "hadi",
na mwenye dole la wino husikia kupaka humo humo.
Na mkataba, nani asiyesikia kisu?
Muhanna hakujua Kiswahili. Alidhani joto limenipanda kichwani.

Heli Sidri tulimkuta Ghariba binti Sulayyim,
mjane, mbuzi kumi na mmoja, kisima cha kurithi
ambacho kamba imechimba mifereji kwenye jiwe la mdomo wake.
Siku hiyo tulikuwa twabadilishana:
sisi tuchukue mlima wa mawe meusi
(ilisemekana una shaba),
wao wachukue bonde, na kisima ndani ya bonde.
Masheikh wawili walikwisha kutia sahihi, kila mmoja kwa kalamu yake.
Ghariba aliuliza swali moja, akaniuliza mimi,
kwa kuwa mimi tu nilikaa chini kama yeye:
"Mbuzi wakivuka kwenda kunywa, watahesabiwa wasafiri?"

Nilitaipu.
Miaka minane niliishi bila pasi,
na sasa hii hapa, mpya, mfuko wa shati,
ina joto kama mkate uliotoka tanurini.
Ulitaka nibishane na nchi iliyonipa jina?

Karatasi tatu, kaboni mbili katikati.
Ya kwanza Maskati, ya pili kwa jirani,
ya tatu ya faili, hafifu, buluu ya mshipa wa mzee.
"Kisima kimeachiwa kwa ridhaa," ndivyo nilivyoandika.
Dole gumba la Ghariba lilikataa mara mbili.
Kamba ilikuwa imelilainisha, halina tena mistari.
Muhanna akasema doa latosha.

Shaba haikuonekana.
Mlima tunao; watoto wa shule huupaka rangi ya nchi yetu
na hupata alama kamili.
Bonde lilikuja kuzungushiwa waya, miaka mingi baadaye,
na mbuzi sijui. Sikurudi kuuliza.

Siku ya kustaafu niliiba nakala ya tatu.
Iko chini ya mashuka, inafifia kila kiangazi;
sahihi ya sheikh mmoja imekwenda, ya pili imebaki mkia.
Doa lipo.
Jana mjukuu wangu Rayya aliliona,
akauliza kama ni kahawa.
Nikamwambia ndiyo.