Kijiwe cha Kushoto

Saa tisa alasiri boti zinarudi gatini Coden, kusini mwa Alabama,
nami nimesimama penye mizani, kibao cha kupimia kwapani,
kisu, koleo, bahasha ndogo kama za mbegu za mchicha.
Hakuna anayenisalimu.
Msimu wa changu mwekundu mwaka huu ni wikendi tisa,
wawili kwa kila mvuvi, basi,
na kwao mimi ndimi niliyezila zilizobaki.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Bahari ndiyo mali; daftari ni mimi,
kwa malipo ya saa, bila bima ya meno.

Royce Bosarge alishuka amempakata samaki kama mtoto aliyelala.
Mgongo wekundu wa tofali lililolowa,
macho yamemtoka, tumbo limesukumwa mdomoni na hewa,
maana alivutwa mbio kutoka pima thelathini.
"Andika," akasema. "Andika kule chini wamejaa,
chambo hakifiki, wanakidaka njiani.
Waambie hao wenye viyoyozi waje kuhesabu kwa mshipi, si kwa kalamu."
Nikaandika: milimita 889. Jike.
Waliorudishwa majini: saba.
"Walizama?"
"Wanne walizama. Watatu walielea,
mwari akawachukua."
Na hilo nikaliandika.
Hasira zote zile, na bado hakunidanganya.

Nikainua kifuniko cha shavu, nikapasua mfupa chini ya ubongo,
nikatoa vijiwe vya masikio, cha kulia, cha kushoto,
vyeupe, kila kimoja kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Kwa hivi samaki husikia.
Kwa hivi hujua juu ni wapi, hata gizani,
na kila mwaka unaopita huviongezea pete moja, kimyakimya.

Januari jibu likaja kutoka maabara.
Walikikata cha kulia kikawa chembamba kama karatasi,
wasomaji wawili, kila mtu na hadubini yake,
bila kuulizana, wakapata namba moja:
arobaini na tatu.

Nilimkuta Royce dukani, kwenye rafu ya betri.
Sikupaswa kumwambia. Nikamwambia.
Akahesabu kurudi nyuma kwa vidole, midomo ikicheza,
akafika, akasimama.
"Ndio mwaka aliozama Alcide."
Mdogo wake. Boti ya kuvua kamba, Novemba,
hawakuokota hata kofia.
"Kwa hiyo alikuwepo," akasema. "Urefu wa kidole, lakini alikuwepo."
Friji la barafu likanguruma nyuma yetu.
"Tulimla wikendi mbili. Nyama ngumu. Tulimalizia kwa supu."

Ningeweza kumwambia jike wa umri ule hutaga
kuliko kundi zima la wasichana wake.
Limeandikwa kwenye bango, pale mlangoni petu, kwa herufi kubwa.
Nikanunua betri zangu.

Machi akaja ofisini, kofia mkononi.
"Kuna kingine. Nilikuona ukitoa viwili."
Sampuli ni mali ya jimbo: imeandikwa hivyo, na sahihi yangu iko chini yake.
Nikafungua droo, nikatafuta bahasha,
nikakimimina kiganjani mwake.
Akakitazama. Akakipeleka sikioni,
mzee wa miaka sabini, kati ya meza na mashine ya kahawa,
akasikiliza muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.
"Na mwaka huu tena mmetubania siku," akasema,
akakifunga kwenye leso,
akaondoka bila asante.

Kwenye fomu, safu ya mwisho, penye hali ya sampuli,
nikaandika kwa wino, mwandiko wangu mzuri:
cha kulia, kimesomwa.
Cha kushoto, kimevunjika.