Sinia la Inchi Kumi na Nane

Kile kisahani cha kwanza hakikuwa na maneno mengi.
Kikilia, uchimbe; ukichimba, upate:
punje kama ya wimbi, siku nyingine msumari,
lakini kitu, kitu cha kushika kwa vidole.
Kasoro yake kina. Kilisikia shubiri moja, basi.

Ndipo chama kikatukopesha, tukanunua sinia,
inchi kumi na nane, jeusi,
zito kama mtoto anayekataa kutembea.
Muuzaji wa Kakamega alisema litasikia hadi kiunoni.
Hakusema litasikia na yasiyokuwepo.

Siku tatu mlimani Lidambitsa tulichimba vilio.
Fuko mwenyewe angetuonea haya.
Shimo la kwanza udongo, la pili udongo,
la tano mizizi ya mkaratusi na udongo.
Khasandi akatupa jembe: "Lina wazimu. Lirudishe."
Nikamwambia mgonjwa haachwi kwa kuwa anapayuka,
huulizwa panapouma.

Nikaliuliza.
Nililiinua usawa wa kifua, mbali na ardhi, nikalituliza.
Likalia.
Basi ardhi haina kosa, nikasema; kosa tumekuja nalo.
Simu nikampa Mideva, akaenda nayo kando ya majani chai.
Bangili nikavua.
Na gambuti za Khasandi, zile zenye chuma vidoleni,
alizonifuata nazo unyounyo siku zote tatu!
Akazivua kwa matusi, akabaki na soksi moja na nusu.
Tukahama chini ya nyaya za stima ziendazo kinuni,
tukashuka bondeni. Likapungua.
Halikukoma.

Waya. Nani alifikiria waya?
Ulikuwa umelegea kwenye fimbo, unaning'inia kama utepe wa petikoti,
na kila nilipopunga mkono ulicheza, likalia.
Nikaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli,
mizunguko minane, si ya kunyonga, si ya kuachia.
Soketi nikaipangusa umande kwa pindo la leso.
Usikivu nikaushusha kutoka kumi hadi sita,
maana sikio lililo wazi mno
huokota hadi minong'ono ya majirani.

Mwisho nikabandua kifuniko cha tumboni.
Humo! Mchanga mweusi, ule unaong'ang'ania sumaku,
kiganja kizima. Tulikuwa tukitembea nao
na kuushangaa kila hatua kama habari mpya.
Nikauosha kijitoni. Nikaanika kifuniko. Nikakirudisha.

Kimya.
Kimya hata Khasandi akanong'ona.

Tukapanda tena. Nikalipandisha na kulishusha juu ya udongo mtupu
hadi likaizoea ardhi na wekundu wake.
Nina daftari la uongo wake: tarehe, mahali, sababu.
Simu. Gambuti. Waya. Mchanga.
Siku hiyo nikaongeza mara mbili: jiwe lenye chuma,
jekundu, zito kuliko umbo lake, halina thamani.

Jua likielekea Iguhu tulifika kwenye shimo la zamani,
lile lililojifukia mwaka wa juzi, mvua ya Aprili.
Sinia likalia.
Halikukatikakatika. Lilipanda, likakaa, likashuka,
kwenda hivyo, kurudi hivyo, palepale.
Nikatazama waya: umefungwa.
Nikatazama kifuniko: safi. Khasandi: pekupeku.
Nikakagua yote tena, polepole, nikitamani kosa.

Hakuna aliyesema mtaimbo.
Hakuna aliyesema Muhatia, kaka yangu,
aliyeshuka nao begani asubuhi ile,
na waliomtoa walimtoa mikono mitupu.

"Nini?" Khasandi akauliza, jembe tayari.
Nikafungua daftari. Nikaandika tarehe.
Nikaandika mahali. Kwenye sababu nikaandika:
jiwe.

Betri ilikuwa imebaki mstari mmoja.
Tukashuka, waya kimya kwenye fimbo,
na Mideva alikuwa ameimaliza chaji yote ya simu.