Nakala Zilizoharibika

Nina mashine ya fotokopi nje ya geti la kampasi, barabara ya Kasapa,
chini ya bati moja na mama Ngalula wa maandazi.
Faranga mia mbili ukurasa. Silabi nzima, tunaelewana.
Wanafunzi wananiita papa na hawashushi sauti mbele yangu,
kama vile mashine ni mimi.

Nakala ikitoka na wino mwingi, au imekunjwa sikio,
siitupi: mama Ngalula anafungia maandazi,
zinazobaki nawashia mbabula.
Ila katoni moja ya sabuni haijawahi kuona moto.

Juu kabisa, nusu karatasi.
Ni mwaka wa mgomo wa maprofesa, nyasi za uwanjani zilifika magotini.
Aliileta Kapend wa Politekiniki, kofia mkononi, kama anaingia misa.
Mwandiko wa bluu, umelala kushoto:
*Wewe unayependa kama sisi, usiache masomo.
Bweni la tatu, Alhamisi, saa moja jioni. Kuna chai.*
Kopi kumi na mbili, papa.

Chini yake, barua nne ambazo ni barua moja.
Za Mujinga wa Sheria (huku kwetu ni jina,
alirithi kwa bibi yake, msicheke).
Aliiandikia zahanati ya chuo:
mtu aletwe na homa, apimwe homa,
asiulizwe kwanza analala na nani.
Kwenye ya kwanza aliandika *tunaomba*.
Akaikata: *tunadai*.
Akaogopa, akarudi *tunaomba*.
Ya nne inaanza: *Tunasema*.

Sasa hii. Hii ningeweza kuificha.
Majina saba, kwa mashine ya kuandikia, bila sahihi.
Walioileta walikuwa vijana wapole, wenye tai.
Kopi mia mbili.
Nilizipiga. Nikahesabu pesa, nikarudisha chenji.
Umeme haukukatika, siku hiyo moja ambayo ningeuomba ukatike.

Wakaibandika kwenye valvu, palepale wanaposoma matokeo ya mitihani.
Kapend alikuwa wa tatu.
Godoro lake lilishuka kwa dirisha la ghorofa ya pili
likalala kwenye tope jekundu na mvua ya Januari juu yake,
na hakuna aliyelinyanyua mpaka jioni.
Wengine wanasema yuko Kolwezi. Wengine, Ndola.

Asubuhi yake Mujinga alikwenda kwenye valvu na kalamu.
Chini ya la saba akaandika lake, herufi kubwa.
Halafu mvulana wa Kilimo. Halafu wawili walioshikana mikono.
Halafu msichana wa kwaya, ambaye hayakumhusu,
au yalimhusu, nani angejua tena?
Saa sita mchana walikuwa thelathini na nne,
na mlinzi aliyetumwa kuibandua
alisimama kwanza akaisoma yote, midomo ikicheza.

Msidhani ilikwisha hapo.
Wawili walifukuzwa. Mujinga alirudia mwaka.
Chai ya Alhamisi ilihamia mjini, ikarudi, ikahama tena.
Niliona wengine wakija na karatasi zao, nyuso mpya,
hawamjui Kapend, wanaandika sentensi zilezile
wakidhani ni wao wa kwanza.

Na jana, kijana wa mwaka wa kwanza kaleta fomu ya zahanati.
“Papa, hapa wamekosea kupiga chapa.”
Nikavaa miwani.
Swali la tano: una mzio wowote?
Swali la saba: nani apigiwe simu?
La sita waliliondoa, na hawakujisumbua kubadilisha namba.
“Hawakukosea,” nikamwambia.
Akangoja niendelee. Nikamrudishia chenji.

Ile nusu karatasi, lakini, haikuharibika.
Mtazame: wino safi, pembe zimenyooka.
Kapend aliomba kumi na mbili, nikapiga kumi na tatu.
Alhamisi ile nilifunga mapema.
Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nilisikia vikombe.